Tufani ya 1872 na Karafuu za Kisiwa cha Pili

Tarehe 15 Aprili 1872, katika siku zile ambazo kaskazi imekwisha kupoa na kusi haijakaza, kisiwa cha Unguja kilipigwa na tufani ambayo haikuwa na mfano katika kumbukumbu za wakaazi wake. Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi aghalabu hupita mbali nasi, vikaenda kuvunja Bukini, Morisi na Msumbiji. Watu wa visiwani walizijua pepo zenye msimu. Walijua lini jahazi za Bara Hindi na Arabuni zitaingia, na lini zitatweka kurudi. Biashara nzima ilijengwa juu ya ujuzi huo. Kwa upepo usio na msimu hapakuwa na matayarisho yoyote.

Bandarini hasara ilionekana mara moja. Merikebu za Sayyid Barghash bin Said, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha ufalme, zilivunjika au zikatupwa ufukoni, na pamoja nazo majahazi na mashua kwa makumi. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, nyumba za misheni ya Kifaransa ziliharibiwa. H. M. Stanley, aliyefika pwani mwanzoni mwa Mei kutoka bara alikokwenda kumtafuta Livingstone, aliyakuta magofu hayo na akayaandika.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa mashambani. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka au kukatika. Mkarafuu ni mti wenye matawi mepesi kuvunjika. Kila mchumaji anayepanda juu yake analijua hilo na huiweka roho yake mkononi. Na nchi wakati ule ilikuwa imelowa kwa masika. Mti uliolala chini hauinuki tena. Mche mpya hukaa kitaluni kwanza, kisha ukishapandwa shambani huchukua miaka sita au saba kabla ya kuonyesha karafuu za maana, na hata hapo mtu hajapata mavuno kamili. Kwa hiyo mwenye shamba aliyeamka tarehe 16 Aprili akaikuta mikarafuu yake imelala, hakuwa amepoteza msimu mmoja. Alikuwa amepoteza takriban muongo mzima, na huku deni lake kwa mfanyabiashara wa mjini lilikuwa halikuanguka pamoja na miti.

Wafanyabiashara wa zama zetu wana jina la jambo hili: huiita njia yote ya mali, tangu shambani hadi kwa mnunuzi wa mwisho, mnyororo wa ugavi, na hupenda kuzungumzia namna ya kuuimarisha ili usikatike kwa ajali isiyotarajiwa. Hilo ni neno jipya kwa tatizo la kale. Njia ya karafuu mwaka 1872 ilikuwa ndefu kweli kweli: mchumaji, mchambuaji anayetenga karafuu na makonyo, majamvi ya kuanikia, mchukuzi, forodha ya mjini, ghala la Mhindi, kisha Bombay, London, Marseille na New York. Lau mtu angeulizwa siku ile mahali gani njia hiyo ingekatika, angetaja bahari, maharamia au vita. Ilikatika mwanzoni kabisa, penye mizizi ya mti.

Ajabu ni kwamba haikukatika moja kwa moja. Karafuu ziliendelea kutoka Zanzibar, na baada ya miaka michache zikawa nyingi kuliko kabla. Sababu ni Pemba.

Visiwa hivi viwili vimetengana kwa bahari ya kiasi cha kilomita 50, na tufani ile haikuiharibu Pemba kama ilivyoiharibu Unguja. Mikarafuu ilikuwapo Pemba tangu zamani za Sayyid Said bin Sultan, ingawa haikuwa mingi kama ya kisiwa kikuu. Zao lenyewe liliingia Unguja katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi kuhusu kuletwa kwake ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Mashamba ya Mtoni na Kizimbani yalikuwa katika yale ya kwanza. Inasimuliwa kuwa Sayyid Said aliamrisha kwamba kwa kila mnazi mwenye ardhi apande mikarafuu mitatu, la sivyo ardhi itamtoka. Iwe amri hiyo ilitekelezwa kwa ukali huo au haikutekelezwa, natija yake inajulikana: Unguja iligeuka kuwa kisiwa cha zao moja, na chakula kikaanza kuletwa kwa jahazi.

Pemba ilikuwa na historia nyingine. Waarabu waliiita Al-Khadhraa, yaani ya kijani, na jina hilo halikuwa la kuipamba tu. Kwa karne nyingi mchele wa Pemba ulilisha Mombasa. Waliotawala Mombasa, Wareno na Wamazrui miongoni mwao, walijua kwamba asiyekuwa na Pemba atakula kwa shida. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi huielezea Pemba kana kwamba ilizaliwa siku tufani ilipopita. Kabla ya kuwa akiba ya karafuu, Pemba ilikuwa akiba ya chakula ya pwani.

Baada ya 1872 bei ya frasila ya karafuu ilipanda, kama ilivyo ada ya kila kitu kinachopungua. Wenye mikarafuu iliyosimama walipata faida waliyokuwa hawakuiota. Wenye mali wa Unguja wakavuka bahari kutafuta ardhi, wenyeji wa Pemba nao wakapanda, na misitu juu ya vilima ikafyekwa. Mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar ilikuwa ikitoka Pemba, na ndivyo ilivyo hadi leo. Soko la dunia halikuhitaji kutafuta muuzaji mwingine. Mnunuzi wa London aliona bei imepanda. Kwamba kisiwa kimoja kilikuwa kimekibeba kingine, pengine hakulitambua kabisa.

Hapa sharti tuulize ni nani aliyelipa gharama ya wokovu huo. Mikarafuu mipya ilitaka mikono ya kupalilia na kuchuma, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Tufani ilitangulia kwa mwaka mmoja tu ule mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash alitia saini kwa kushurutishwa na Uingereza, wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Mahitaji ya kazi yakapanda Pemba wakati uleule njia ya kisheria ilipofungwa. Watu wakaanza kuvushwa usiku kutoka Mrima kwa majahazi madogo, wakiteremshwa katika hori na mikoko ambayo Pemba imejaaliwa kwa wingi. Waingereza waliweka Unguja manowari ya London kwa takriban miaka kumi, tangu 1874, kuyawinda majahazi hayo, na nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipolisimamisha jahazi moja. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Mimi naona kwamba wanaoyasifu mavuno ya Pemba ya miaka ile kuwa ni ushujaa wa biashara wanapaswa kwanza kuhesabu watu waliovushwa katika giza hilo. Kudumu kwa biashara hakukuwa na maana ya kuwaneemesha waliokuwamo ndani yake.

Kwa upande wa bahari, Barghash alijifunza haraka. Badala ya merikebu za tanga zilizovunjika, alinunua meli za moshi. Mojawapo, Glasgow, iliyojengwa 1878, tutaikumbuka kwa kuzamishwa na mizinga ya Waingereza mbele ya mji mnamo 27 Agosti 1896. Kampuni ya British India nayo ilianza kuleta meli za barua kwa ratiba, na 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja. Mfanyabiashara sasa aliweza kujua bei ya Ulaya kwa siku badala ya miezi. Msimu wa pepo ukapungukiwa na nguvu zake. Lakini meli za British India na ule waya havikuwa vyetu, na ufunguo wa njia ukahamia katika mikono mingine.

Wapenzi wa ushairi watakumbuka kwamba zama hizi za karafuu za Pemba ndizo pia zama za Kamange na Sarahani, ambao tungo zao na habari zao zilikusanywa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotoka 2011. Sidai kwamba mikarafuu ndiyo iliyozaa mashairi. Hata hivyo, kisiwa chenye mavuno huwa na watu wa kujibizana, na huwa na mahali pa kukutania.

Kisiwa cha pili kilikuwa kinga dhidi ya upepo. Hakikuwa kinga dhidi ya mnunuzi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipoukabidhi ununuzi wa karafuu kwa chama kimoja, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na Bara Hindi, mnunuzi mkubwa wa wakati huo, ikasusia karafuu za Zanzibar. Ilibidi mapatano yafanywe mwaka uliofuata. Baadaye nafasi ya mnunuzi mkuu ilichukuliwa na Indonesia, ambayo huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zake. Nchi hiyo ndiyo asili ya mkarafuu, kwani mti huu ulitoka visiwa vya Maluku. Ilipopanda mikarafuu yake mingi na kuanza kujitosheleza katika miaka ya 1980, bei iliporomoka, na Unguja na Pemba zikaanguka pamoja. Miti ilisimama wima mashambani na karafuu juu yake, na wengine hawakuona faida ya kuzichuma. Wapemba waliovusha gunia mbili tatu kwenda Mombasa kwa magendo walikuwa, kwa namna yao, wakijitafutia mnunuzi wa pili ambaye sheria haikuwaruhusu kuwa naye.

Na chakula je? Mikarafuu ilipopanda vilima vya Pemba, nguvu kazi iliyokuwa ya mpunga ilipungua, na mchele wa kula ukaja kununuliwa mbali, hasa Burma. Ulikuwa mwingi na rahisi, ukaletwa na meli zenye ratiba, na hapakuwa na aliyeona haja ya kuwa na akiba nyingine. Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon. Meli za mchele zikakoma. Visiwa ambavyo vimoja katika hivyo vilikuwa vikilisha Mombasa vikawa na foleni za mgao, na mgao wenyewe ukawagawa watu kwa kabila: huyu apewe mchele, yule apewe mahindi. Serikali ikahimiza kilimo cha muhogo, mtama na mpunga, mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyafanya bila kuhimizwa na yeyote. Uchungu wa kutengwa kwa sahani haukwisha vita vilipokwisha. Uliingia katika siasa za miaka iliyofuata, na huo ni mlango mwingine ambao siufungui hapa.

Waliokuwapo Unguja Mei 2008 wana mfano wao wa karibu. Waya mmoja wa umeme kutoka bara ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na Desemba 2009 hali ikajirudia, mara hii kwa kiasi cha miezi mitatu. Visima vyenye pampu vilikauka mferejini, samaki wakaoza, mahoteli yakaunguruma kwa majenereta. Pemba 2008 haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa na mitambo yake yenyewe ya dizeli, mikuukuu na yenye kelele. Waya mpya wa Unguja ulifika 2013.

Mwenye kusafiri leo kutoka Chake Chake kwenda Wete ataiona hesabu yote hii kwa macho, hasa msimu wa uchumaji. Juu ya vilima ipo mikarafuu, na kando ya barabara karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, harufu inamfuata mtu hadi ndani ya gari. Chini, mabondeni, ambako mkarafuu haupendi kusimama katika maji, wanawake wamo mpungani.