Shomoro na Watoto wa Shule

Mtu aliyelelewa Ukambani hahitaji kufundishwa kwamba kiumbe wa mwituni aweza kujengewa nyumba na binadamu. Tangu utotoni amewaona wazee wakichonga mzinga kutoka katika gogo, wakiziba ncha zake mbili na kuacha tundu dogo tu, kisha wakiupandisha juu ya mti na kungoja. Nyuki wakiridhika nao, huingia. Wasiporidhika, mzinga hukaa mtupu mwaka mzima, na mwenyewe hana wa kumshitaki. Basi kijumba cha mbao ambacho watoto wa shule za Ulaya na Amerika hukitundika mtini ili ndege watage ndani yake ni ndugu wa mzinga huo, ila mwenye kukitundika hatazamii asali.

Habari za vijumba hivyo zilianza kunishughulisha nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya pwani. Wanafunzi wangu walitengeneza meza ndogo chini ya mwembe, wakawa kila siku wanaweka juu yake makombo ya mkate, ukoko wa wali na bakuli la maji. Walitumaini kuwaona chiriku na mnana. Siku mbili mambo yalikuwa mazuri. Siku ya tatu akaja kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, ambaye mababu zake waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na baadaye wakaenea pwani nzima. Siku ya nne wakaja kumi. Walipomaliza ukoko waligeukia viota vya mnana vilivyokuwa uani, wakavipasua na kuwala makinda mbele ya macho yetu. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa sisi tumemsaidia nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma habari za watoto wa nchi nyingine waliotangulia kufanya kazi hiyo, na katika kusoma kwangu nikagundua kwamba ndege mmoja alikuwa akijitokeza karibu kila mahali, mara akipendwa, mara akichukiwa, mara akililiwa. Ndege huyo si wa fahari wala hana sauti ya kusifiwa. Ni shomoro.

Na tuanze naye Newcastle, mji wa makaa ya mawe ulio kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1876 gazeti moja la kila juma la mji ule lilifungua ukurasa wa watoto. Mhariri wake, William Edwin Adams, aliuandika kwa jina la Mjomba Toby, akaanzisha humo chama kilichoitwa Dicky Bird Society. Mtoto aliyetaka kuingia alitia ahadi kwamba atakuwa mpole kwa viumbe vyote, atawalisha ndege wakati wa baridi, wala hatachukua au kuharibu kiota. Kisha jina lake lilichapwa gazetini. Msomaji asidhani ahadi hiyo ilikuwa nyepesi. Siku zile kukusanya mayai ya ndege ulikuwa mchezo wa kila mvulana, na aliyekuwa na mayai mengi ndiye aliyeheshimiwa na wenzake. Kuacha mchezo huo kwa hiari, tena jina lako likasomwa mji mzima, kulihitaji moyo.

Na kulisha ndege wakati wa baridi hakukuwa mzaha. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuijui njaa ya theluji. Ardhi hufunikwa, wadudu hutoweka, mchana huwa mfupi na usiku mrefu mno. Ndege mdogo wa nchi zile aweza kupoteza katika usiku mmoja wa baridi yapata sehemu moja ya kumi ya uzito wake; asipopata chakula asubuhi, huenda asiione asubuhi ya pili. Kwa hiyo kipande cha mkate kilichotupwa uani na mtoto wa mchimba makaa kilikuwa ni uhai kamili kwa kiumbe fulani, na aghalabu kiumbe huyo alikuwa ni shomoro, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu zaidi na nyumba za watu. Mwaka 1886, yaani baada ya miaka kumi tu, wanachama walitimia 100,000. Watu wakubwa kama John Ruskin na Florence Nightingale walikubali majina yao yatiwe katika orodha ya heshima ya chama hicho cha watoto. Chama kiliishi hata mwaka 1940.

Walakini, wakati watoto wa Newcastle wakimlisha shomoro, ng'ambo ya bahari ndege huyohuyo alikuwa amekwisha kuwa msiba. Katika miaka ya 1851 na 1852 watu wa Brooklyn, katika New York, waliagiza shomoro kutoka Uingereza kwa tumaini kwamba watakula viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miti ya mjini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Shomoro walizaana na kuenea karibu bara zima. Kisha mwaka 1890 Eugene Schieffelin akawafungulia kuzi wa Ulaya yapata 60 katika bustani kuu ya New York, nao pia wakaenea. Shomoro na kuzi wote hupenda kutaga ndani ya matundu, na matundu hayakuongezeka kwa sababu wageni wameongezeka.

Mwenyeji aliyeumia zaidi ni ndege mmoja mzuri sana, ambaye Wamarekani humwita kwa rangi yake, ndege wa buluu. Mgongo wake ni wa samawati iliyokolea, na kifua chake ni chekundu kama udongo wa Murang'a. Mdomo wake ni laini, hawezi kutoboa mti. Hutegemea tundu lililoachwa na kigogota, au nguzo ya ua iliyooza. Wakulima walipokata miti mikavu, na baadaye walipoacha nguzo za mbao wakasimamisha za chuma, nyumba zake zikapungua. Na zile zilizobaki, akifika huzikuta na wapangaji. Shomoro hamtoi kwa maneno. Humdonoa mwenye nyumba kichwani hata akafa, kisha hujenga kiota chake juu ya maiti.

Katika nchi hiyo ndiko shule zilikoanza kutenga siku maalumu kwa ajili ya ndege. Mwaka 1894, tarehe 4 Mei, shule za mji wa Oil City, Pennsylvania, ziliadhimisha Siku ya Ndege kwa shauri la Charles Babcock, msimamizi wa shule za mji ule. Oil City, kama jina lake lisemavyo, ni mji wa mafuta ya petroli, mahali ambapo mtu asingetazamia nyimbo za ndege. Babcock alitaka watoto wawajue ndege kwa kuwatazama wakiwa hai, si kwa kuwapiga manati na kuwahesabu. Na miaka miwili baadaye Idara ya Kilimo ya Marekani ikazishauri shule nyingine zifanye vivyo hivyo. Vijumba vikaingia katika masomo ya useremala.

Hapa ndipo wema ulipohitaji rula. Huko Ujerumani, katika shamba la Seebach, bwana mmoja aitwaye Hans von Berlepsch alikuwa amevichunguza viota vya vigogota vingi, akapima upana wa mlango, kina cha shimo na umbo la sakafu, kisha akatengeneza vijumba vinavyofanana navyo. Alijua kwamba ndege hachagui nyumba kwa uzuri wa rangi yake. Mwaka 1905 viwavi walipoila misitu ya jirani hata ikabaki mitupu, miti yake, iliyokuwa na vijumba vingi, ilisimama na majani yake kama kisiwa cha kijani. Mlango wa milimita 32 humfaa ndege mdogo na kumzuia mkubwa. Ukiuongeza milimita chache umeshambadilisha mpangaji. Kijiti kile ambacho watoto hupenda kukipigilia chini ya mlango ili ndege apumzike, ambacho hata mimi nilikuwa nikikichora ubaoni kwa fahari, hakimfai mwenye nyumba kwa lolote. Humfaa adui anayetaka mahali pa kusimama na kuchungulia.

Kwa ndege wa buluu kipimo kilichopatikana ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Hapo kuzi hukwama, maana kifua chake ni kipana. Katika miaka ya 1930 Thomas Musselman wa Quincy, Illinois, alitundika vijumba vya kipimo hicho kando ya barabara, kimoja baada ya kingine, vikawa kama vituo vya basi. Nchini Kanada, mwaka 1959, John Lane wa mji wa Brandon, Manitoba, pamoja na kikundi cha watoto alichokiongoza, walianza mstari wao wa vijumba. Upande wa Saskatchewan mvulana mmoja wa shule, Lorne Scott, alianza wake mwaka 1963. Mistari hiyo ilirefuka mwaka hata mwaka, ikapita mashamba ya ngano kwa mamia ya maili, na ndege wa buluu wakaonekana tena mahali ambapo vijana walikuwa wakiwasikia katika masimulizi ya wazee tu.

Lakini shomoro si kuzi. Inchi moja na nusu kwake ni mlango wazi. Watu wa huko hawajapata kipimo kitakachomruhusu ndege wa buluu na kumzuia shomoro, kwa kuwa miili yao imekaribiana. Kwa hiyo aliyetundika kijumba alilazimika kurudi kila juma, kukifungua, na kama alimkuta shomoro amejenga, kukitoa kile kiota na kukitupa. Fikiri, msomaji, umri wa mikono iliyoagizwa kazi hiyo. Watoto wa Newcastle waliapa wasiharibu kiota kamwe. Watoto wa Manitoba walifundishwa kwamba kutokukiharibu kiota fulani ni kumwua ndege mwingine. Wote wawili walikuwa wakimtunza ndege. Sidhani kwamba mmoja wao alikosea. Ila yule wa pili alibeba mzigo mzito zaidi, maana ahadi ya jumla haikumtosha. Ilimpasa ajue ni ndege gani, ametoka wapi, na mahali pale ni pa nani.

Tena mzigo huo waweza kutumiwa vibaya na wakubwa. Mwaka 1958 serikali ya China, chini ya Mao Zedong, iliwatangaza maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro wa huko ni jamaa wa yule wa Newcastle, na kosa lake lilikuwa kula nafaka. Watoto wa shule walitolewa madarasani wapige sufuria na ngoma ili ndege wasipate pa kutua, hata wakaanguka kwa uchovu. Wataalamu waliopasua matumbo ya shomoro walikuta nafaka, ni kweli, lakini walikuta na wadudu pia, hasa katika majira ya kulea makinda. Ndege walipopungua, wadudu waharibifu walistawi mashambani. Njaa kubwa iliyoikumba nchi ile katika miaka iliyofuata ilikuwa na sababu nyingine nyingi, na kubwa kuliko zote zilikuwa amri za serikali yenyewe. Lakini mwaka 1960 shomoro alifutwa katika orodha, na mahali pake akatiwa kunguni. Watoto waliambiwa waache. Siwalaumu wao, walimu wao ndio ninaowafikiria, waliosimama mbele ya darasa juma moja na hoja hii, na juma jingine na hoja ile.

Hata chakula cha wema kimeonekana kuwa na hatari yake. Kuanzia mwaka 2005 maradhi ya koo yalienea miongoni mwa ndege wa bustani za Uingereza, na mahali pa kuambukizana palikuwa ni zile meza za chakula na vyombo vya maji ambavyo havikuoshwa. Jamii moja ya chiriku wa kijani ilipungua vibaya hata mwaka 2021 ikatiwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Shule zinazolisha ndege sasa hufundisha kusugua meza, kuihamisha, na kuiondoa kabisa pindi ndege mgonjwa anapoonekana.

Na katika orodha hiyohiyo nyekundu, tangu mwaka 2002, yumo shomoro. Ndege aliyekuwa akijaa katika kila ua wa Newcastle amepungua Uingereza kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Nyumba mpya hazina nyufa chini ya paa, bustani zimesakafiwa, na wadudu wa kulishia makinda wamekuwa haba. Basi watoto wa huko wamerudi kwake na misumari na mbao. Kwa kuwa shomoro hapendi kuishi peke yake, kijumba chake hutengenezwa kirefu, chenye vyumba vitatu mfululizo na milango mitatu ya milimita 32, hutundikwa juu ukutani chini ya paa, na chini ya milango hiyo hapapigiliwi kijiti.