Robert Serumaga na Mchezo Usio na Maneno

Robert Serumaga alizaliwa Uganda katika mwaka wa 1939. Alisomea uchumi katika chuo cha Trinity mjini Dublin, na wengi wangalimtazamia awe mtu wa hesabu za serikali. Lakini aliporudi Kampala moyo wake ulikuwa umekwisha kutekwa na jukwaa. Akaunda kundi la waigizaji lililoitwa Theatre Limited, akacheza mwenyewe, akaandika na michezo pia, mmojawapo Majangwa, wa mwaka wa 1971.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Januari, Idi Amin alitwaa serikali. Tangu hapo neno moja lililotamkwa mbele ya watu liliweza kumpoteza msemaji. Mwigizaji hujihatarisha peke yake, bali msimamizi wa michezo hubeba roho za wenziwe wote. Basi Serumaga akakusanya vijana, akawafunza kutumia mwili, pumzi, ngoma na wimbo mahali pa mazungumzo. Kundi hilo jipya likaitwa Abafumi, yaani wasimulizi.

Mchezo wao mashuhuri, Renga Moi, wasimulia habari za kijiji cha vilima saba. Shujaa wake amepata mapacha, na mwiko wamkataza kumwaga damu mpaka matambiko yaishe. Mara maadui wanashambulia. Msomaji aliyekulia katika vilima vya Nyamache ataielewa shida hiyo upesi, maana Wagusii nao walikuwa na sherehe zao za mapacha. Shujaa anakwenda vitani, na wanawe wanatolewa kafara. Waigizaji walitumia lugha kadhaa za Uganda, na mchezo ulipofika London mwaka wa 1975, mwili ndio uliokuwa mkalimani. Amarykiti, wa mwaka wa 1974, ulikuwa karibu hauna maneno kabisa.

Wako waliomlaumu kwamba alificha maana mno. Mimi siwezi. Mwaka wa 1977 Byron Kawadwa, msimamizi wa Jumba la Taifa la Michezo la Kampala, ambaye michezo yake ya Kiganda ilisema na kuimba waziwazi, alikamatwa na watu wa Amin, akauawa.

Mwaka wa 1979 Serumaga alijiunga na waliomwondoa Amin, akawa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68 tu. Alifariki Nairobi mwaka wa 1980. Majangwa ulipigwa chapa. Renga Moi na Amarykiti haikupata kutiwa kitabuni, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa katika miili ya wale vijana.