Benki ya Nyumba Ilipofungwa, Watu Waliendelea Kujenga

Mwaka 1973 Tanzania ilifungua benki yenye kazi moja kubwa: kumkopesha mwananchi ajenge. Iliitwa Benki ya Nyumba Tanzania, ingawa wengi waliijua zaidi kwa herufi zake tatu, THB. Ilidumu miaka 22. Ilipofungwa mwaka 1995 iliacha mikopo mingi isiyolipika, na iliacha pia swali linaloisumbua serikali hadi leo: fedha za mikopo zinazobebwa na serikali zimfikieje mtu wa kipato cha chini anayetaka pa kuishi na wanawe?

Kabla ya benki hiyo, serikali ilikuwa imejaribu kujenga yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, likaingia Magomeni na maeneo mengine ya Dar es Salaam kubomoa nyumba za miti na udongo na kusimamisha za matofali ya saruji. Kazi ilifanywa kwa moyo, lakini hesabu ilikataa. Nyumba ikibomolewa na nyingine kujengwa palepale, mji haujapata nyumba ya ziada hata moja, na huku watu wanazidi kumiminika kutoka mikoani. Mwishoni mwa muongo ule mpango wa kubomoa uliachwa, na matumaini yakahamia kwenye mkopo.

THB ilirithi nafasi ya kampuni ya mikopo ya nyumba iliyokuwa imeanzishwa miaka ya 1960 kwa ubia na Waingereza, kampuni iliyowafaa hasa wenye mishahara mizuri mijini. Benki mpya ilitakiwa kushuka chini zaidi. Mwaka 1974 ukaundwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima: mwajiri mwenye watu kumi au zaidi alitozwa asilimia 2 ya mishahara anayolipa, na THB ikakabidhiwa fedha hizo. Jina la mfuko lilibeba siasa ya wakati wake. Azimio la Arusha lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilikuwa imetaifisha majumba na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Makazi yalihesabiwa kuwa haki ya mtu anayefanya kazi, awe kiwandani au shambani. Naliheshimu wazo hilo mpaka leo, na ndiyo maana kushindwa kwake kunauma.

Lilishindwa wapi? Mkopo wa THB ulidai ardhi yenye hati, ramani iliyopitishwa na vifaa vya kudumu. Mkulima mwenye nyumba ya udongo kwenye ardhi ya ukoo hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mkopo ukamwendea mfanyakazi wa mjini, na mara nyingi yule mwenye cheo. Kisha ikaja miaka ya 1980. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 30 kwa mwaka, riba ikabaki chini mno, na kila shilingi iliyorudi benki ilikuwa imepungua thamani tangu ilipotoka. Wengine hawakurudisha kabisa. Mageuzi ya sekta ya fedha yalipoanza mwaka 1991 na mabenki kutakiwa kusimama kwa miguu yao, THB haikuwa na cha kusimamia.

Lakini katika miaka hiyohiyo lilikuwa likitendeka jambo jingine ambalo naliona kuwa sera bora ya makazi tuliyowahi kuwa nayo, na halikuwa nyumba wala benki. Lilikuwa kiwanja.

Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kisha Tabata, na maeneo ya Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Zilipigwa bikoni, zikachorwa barabara, maji yakavutwa, nafasi za shule na zahanati zikatengwa. Nyumba aliachiwa mwananchi. THB ilipaswa kumkopesha vifaa vya ujenzi, lakini mikopo ilikuwa michache na ilichelewa, na saruji yenyewe ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Watu hawakungoja. Walijenga chumba na sebule nyuma ya kiwanja, wakahamia, wakapangisha chumba kimoja, na kodi ya chumba hicho ikanunua bati za nyumba kubwa ya mbele.

Utafiti wa kundi la wachumi uliotoka mwaka 2021 uliyarudia maeneo hayo na kuyalinganisha na maeneo jirani ambayo hayakupimwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye, nyumba za kwenye viwanja vile zilikuwa bora kwa dhahiri. Manzese na mitaa mingine iliyowekewa barabara na maji baada ya watu kuwa wamekwisha kujenga haikuonyesha tofauti ya namna hiyo. Ni kweli pia kwamba baadhi ya waliokusudiwa waliuza, na wenye elimu na uwezo zaidi wakaingia. Hata hivyo mitaa ile inapitika, na gari la zimamoto linaingia.

Baada ya THB kufungwa, mkopo wa muda mrefu wa nyumba ulikaribia kutoweka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho ya 2004 yalijaribu kumpa mkopeshaji uhakika wa dhamana yake, na mwaka 2008 ikaja sheria maalumu ya mikopo ya nyumba. Mwaka 2010 ikazaliwa kampuni ya TMRC, ikisaidiwa na mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 40 uliopitia serikalini. TMRC haimkopeshi mwananchi. Inaikopesha benki, na benki inaweka mikopo ya nyumba iliyokwisha kuitoa kuwa dhamana, hivyo inaweza kumpa mteja miaka 15 au 20 bila kutegemea akiba ambazo wenyewe wanaweza kuzichukua kesho. Kenya ilianzisha chombo cha aina hiyo, KMRC, mwaka 2018.

Kwa upande wa mabenki, mageuzi hayo yamefaulu: benki zinazotoa mikopo hiyo zilikuwa chache mno kabla ya 2010, leo zinapita 30. Kwa wananchi ni hadithi nyingine. Mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia moja ya pato la taifa, na riba imezunguka kati ya asilimia 15 na 19. Na ukiacha riba, kuna karatasi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa bila kupimwa, na mwenye nyumba huko anachomiliki mara nyingi ni hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi za mashahidi, ya mjumbe, na mhuri wa serikali ya mtaa. Majirani wote wanaitambua. Benki haiitambui kuwa rehani.

Kenya nayo imeshika njia ya mfuko wetu wa 1974, ile ya kukata mishahara. Sheria ya Fedha ya 2023 ilimkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri kiasi hichohicho. Mahakama Kuu ikaitengua tozo hiyo Novemba 2023, na Machi 2024 ikarudishwa kwa sheria mpya ya nyumba za gharama nafuu. Fedha zinapatikana, kama zilivyopatikana kwa THB. Mfuko wetu haukukwama kwenye kukusanya, ulikwama kwenye kugawa.

Mtanzania anajenga kwa hatua: tofali kwa fedha za mchezo wa kupeana za mwezi huu, msingi mwakani, lenta, kisha kupaua. Mkopo unaomfaa ni wa miaka miwili au mitatu kwa hatua moja, na mfuko wa mikopo midogo ya nyumba ulio chini ya Benki Kuu ulianza kuigusa njia hiyo, kwa fedha kidogo mno. Kingine ni kiwanja. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulitumia mkopo wa Hazina, na mauzo ya viwanja yakaulipa. Kilichomwacha nje mtu wa kima cha chini ni bei ya kulipwa kwa mkupuo. Fedha ambazo TMRC inakusanya kwa kuuza hatifungani zinaikopesha benki. Zingeweza kuikopesha pia halmashauri, ipime ardhi kabla watu hawajafika, na imuuzie mama lishe kiwanja kwa malipo ya kila mwezi kwa miaka kumi.