Sukari ya Ramisi na Tarikhi ya Maradhi ya Matumbo

Msafiri atokaye Likoni akaishika njia ya kusini, akazipita Tiwi, Ukunda na Gazi, na akaiacha Msambweni nyuma yake, hufika Ramisi, mahali ambapo katika mwaka 1927 kilianzishwa kiwanda cha sukari, miaka michache tu baada ya kile cha Miwani kilichotangulia katika Kenya. Tarikhi ya kiwanda hicho aghalabu husimuliwa kuwa tarikhi ya ardhi, mitambo na ujira. Lakini iko tarikhi nyingine, ya chakula kilichoingia matumboni mwa watu, nayo haiachi kuihusu Ramisi, kwa kuwa sukari nyeupe, ambayo ndiyo fahari ya kiwanda kile, ilikuja kushitakiwa mbele ya baraza la matabibu wa Ulaya kwamba ni miongoni mwa vyanzo vya maradhi ya matumbo yasiyokoma, na baadhi ya mashahidi wakubwa wa kesi hiyo walikuwa watu waliokwisha ishi na kufanya kazi Afrika ya Mashariki.

Utamu haukuwa mgeni katika pwani hii. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na mazao yake yakasafirishwa kwa majahazi. Halua na tende zilijulikana, na asali ya nyuki ilitoka mwituni. Walakini utamu huo ulikuwa wa arusi, wa Idi na wa mgeni mwenye heshima, haukuwa wa kila asubuhi. Chakula cha siku zote cha Mdigo wa Kikoneni au Msambweni kilikuwa sima ya mtama, ya mahindi au ya muhogo, pamoja na kunde, mbaazi, mchicha, mchunga ulio mchungu kama jina lake, na samaki kwa tui la nazi; na nafaka hiyo ilitwangwa kinuni kwa mchi, ikapetwa kwa ungo, na hata mpetaji awe hodari namna gani, wishwa haukutoka wote. Kisha vikaja vibarua kutoka bara, posho ya mahindi kama ilivyokuwa desturi ya mashamba makubwa ya koloni, vinu vya mashine, unga wa sembe uliochujwa hata ukawa mweupe, mkate wa ngano, na chai ambayo bila ya sukari haikuhesabiwa kuwa chai. Sisemi kwamba Ramisi peke yake ndiyo iliyoyageuza haya, maana bandari ya Mombasa na duka la Mhindi vingalitosha kuyageuza. Nasema tu kwamba hapa mabadiliko hayo yalikuwa na bomba la moshi.

Ama maradhi yenyewe ni mawili yaliyo ndugu. La kwanza ni la vidonda vya utumbo mpana, ambalo Samuel Wilks wa London alilipambanua katika mwaka 1859; la pili huitwa kwa jina la Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, waliandika habari zake mwaka 1932, nalo huweza kushika mahali popote tangu kinywani hata mwisho wa njia ya chakula. Hayaambukizi. Askari wa mwili, waliowekwa kuwafukuza maadui, huushambulia utumbo wa mwili ule ule, ukavimba, ukatoka vidonda na damu. Mgonjwa huhara, huumwa, hukonda, na akiwa mtoto huacha kukua. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha huamka tena, na hata leo sababu yake haijawa moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Hapa ndipo Afrika ya Mashariki iliposhika mahali pake katika mjadala. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935, na kwa miaka mingi akashughulika na kwashakoo, yale maradhi ya mtoto anayevimba kwa kulishwa wanga mtupu. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa Uganda tangu 1946 hata miaka ya 1960, na sifa yake ya kwanza ilitokana na saratani ya taya za watoto iitwayo kwa jina lake. Hao wawili waliporudi Uingereza waliikuta hoja ya T. L. Cleave, tabibu wa jeshi la maji, aliyeshikilia kwamba sukari nyeupe na unga mweupe ndio mzizi wa maradhi mengi ya Wazungu. Wakaikumbuka miaka yao ya Afrika, ambako maradhi hayo waliyaona kwa nadra mno, na Burkitt akaanza kuwaandikia waganga wa hospitali za misheni barani humu, akiwauliza mwezi baada ya mwezi wanaona nini na hawaoni nini. Tena hakuona haya kupima kitu ambacho waungwana hawakitaji: katika makala yake ya mwaka 1972, kinyesi cha mwanakijiji wa Uganda kwa siku kilikuwa na uzito wa gramu 470 kwa wastani, ilhali cha mabaharia wa Kiingereza na wake zao hakikuzidi sana gramu 100; na chakula kilichopita katika tumbo la yule kwa saa 36 hivi, katika matumbo ya hawa kilikaa saa 83. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell wakatoa kitabu juu ya vyakula vilivyochujwa na maradhi, na wishwa, uliokuwa riziki ya kuku, ukaanza kuuzwa kwa fedha katika maduka ya London.

Hoja hii ilipendeza, hasa kwetu sisi, kwa kuwa ilimsifu babu yetu na kinu chake. Lakini kutoonekana si kutokuwapo. Katika miaka ya 1960 matabibu wa hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha habari za Waafrika wanne wenye vidonda vya utumbo mpana, na swali likawa ni wangapi wengine waliokwisha zikwa kwa jina la kuhara damu. Katika nchi ambamo amiba na vijidudu vingine vya kuhara havikosi, ambamo kifua kikuu cha matumbo hufanana na maradhi ya Crohn hata kumdanganya bingwa, na ambamo chombo cha kuchungulia utumbo hupatikana kwa wachache, ni nani angaliyaona maradhi hayo kijijini?

Mizani ya haki ikaja kutoka Uingereza kwenyewe. Mwaka 1979 Kenneth Heaton wa Bristol na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 32 wa Crohn waliolishwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na kukatazwa sukari iliyosafishwa: kwa jumla walilala hospitali siku 111, ilhali wenzao waliofananishwa nao, ambao hawakufuata chakula hicho, walilala siku 533. Ni tofauti ya kumshangaza mtu. Lakini mwaka 1987 jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 352 katika hospitali nyingi, likawagawa wagonjwa kwa makundi mawili, hawa wakala sukari na unga mweupe bila ya kizuizi, na wale wakala nafaka isiyochujwa. Na mwisho wake hali zao hazikutofautiana kwa kadiri ya kutegemewa. Hukumu yangu ni kwamba sukari haikutolewa hatiani kabisa, kwani yamkini inachangia kuyaanzisha maradhi mahali ambapo hayajawa. Bali ile dawa ya wishwa, kwa mtu aliyekwisha ugua, haikupata ithibati, na kwa yule ambaye utumbo wake umesinyaa kwa makovu, nyuzi za embe na maganda ya nafaka huweza kumzibia njia.

Tiba ya chakula iliyokuja kuthibitika ilitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1984 matabibu wa Uingereza waliwachukua wagonjwa 21 wa Crohn waliokuwa katika ukali wa maradhi, baadhi wakawapa prednisoloni, ambayo ni dawa ya jamii ya kotizoni, na baadhi wakawanywesha chakula cha maji kilichotengenezwa kwa asili za vyakula zilizokwisha vunjwavunjwa, wasile kingine. Na baada ya wiki 4 waliokunywa hawakuwa nyuma ya waliotibiwa kwa dawa. Tangu hapo njia hii imeenea zaidi kwa watoto, ambao hunywa maziwa maalumu pekee kwa wiki 6 hadi 8, na wengi wao, katika taarifa nyingi wanne katika kila watano, hutulia, huongezeka uzito na kuanza tena kurefuka, pasipo madhara ya kotizoni ambayo huzuia mifupa kukua. Vidonda vya utumbo mpana, kwa bahati mbaya, havisikii tiba hii. Wako wasemao kwamba yanayoponya ni yale yaliyoondolewa mezani, na wako wasemao kwamba vijidudu vikaavyo tumboni ndivyo vinavyogeuka, mjadala haujafungwa.

Msomaji wa pwani atasema, na ana haki ya kusema, kwamba kumpumzisha mgonjwa kwa chakula chepesi hakukuanzia Uingereza. Ibn Sina katika Qanuni yake aliipa lishe ya mgonjwa mahali pake, na talbina, yaani uji wa shayiri, ilijulikana katika utabibu wa Kiislamu tangu mwanzo wake. Katika nyumba za Vanga, Gazi na Funzi mwenye tumbo bovu hupewa mashendea, uji wa mchele na maji ya dafu, na hakatazwi mtu kuiona hekima iliyomo. Lakini kufanana si kuwa sawa. Maziwa yale ya tiba yamepimwa protini, mafuta, vitamini na madini, hata mtu aweze kuishi kwayo miezi. Uji mwepesi na dafu humfaa mwenye kuhara siku mbili, bali akilishwa mtoto kwa wiki nyingi pasipo maziwa, mayai, samaki wala kunde, humpeleka katika kwashakoo ile ile aliyopigana nayo Trowell.

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na ni katika karne hii tu miwa imepandwa tena Kwale na sukari ikasagwa upya. Wala katika miaka ile ya ukimya hakuna nyumba iliyorudi kunywa chai kavu, kwani sukari ililetwa kutoka kwingine. Basi, ewe msomaji, hoja ya sukari waachie wataalamu waendelee nayo, nawe shika hili: ukiona mtu wa nyumbani kwako anahara wiki baada ya wiki, akatoka damu na kupungua mwili, au mtoto wako ameacha kurefuka na tumbo halimwachi, usiridhike kuambiwa mara ya tatu kwamba ni amiba, wala usianze kumnyima chakula hiki na kile kwa kubahatisha, mpeleke hospitali ya Msambweni au Mombasa, uombe achunguzwe utumbo, na ugonjwa ukijulikana jina lake, muulize tabibu juu ya chakula kama unavyomwuliza juu ya dawa.