Kiu ya Gari Kuukuu Ina Zama Zake

Kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, mwenye gari kuukuu husikiliza kama mshitakiwa anayengoja hukumu. Bei ikipanda, yeye hulipa mara mbili: hulipia bei, kisha hulipia kiu ya gari lake. La kwanza hana uwezo nalo. La pili analo, na ndilo nitakalozungumzia juma hili. Nitalipitia kwa njia ya historia, kwa sababu naamini kwamba gari linalobugia mafuta haliwezi kutibiwa na mtu asiyejua limezaliwa katika zama zipi.

Tuanze na hesabu. Chukua teksi inayotembea kilometa 126 kwa siku. Ikienda kilometa 9 kwa lita, itatumia lita 14. Ikishuka hadi kilometa 7 kwa lita, itatumia lita 18. Tofauti ni lita 4 tu, lakini kwa siku 25 za kazi ni lita 100. Tajiri anataka hesabu yake ile ile kila jioni, kwa hiyo lita hizo 100 hutoka katika unga na ada ya shule ya watoto wa dereva. Hapo ndipo mtu hukubali akiambiwa kwamba injini imekwisha, akaenda kukopa ili anunue injini ya mtumba. Mara nyingi injini haikuwa imekwisha. Ilikuwa na ugonjwa mdogo ambao hakuna aliyeutafuta mahali pake.

Kwa miaka mingi ulimwengu wa magari haukujisumbua sana na swali hili. Petroli ilikuwa rahisi. Kisha ikaja vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973, na nchi za Kiarabu zikawanyima mafuta baadhi ya wateja wao wakubwa. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa dola kama 3 lilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Uholanzi ilipiga marufuku magari binafsi barabarani Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, na Ujerumani Magharibi ikafuata mwezi huo huo. Januari 1974 Rais Nixon wa Marekani alitia saini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, yaani kilometa 88. Mwaka 1975 nchi hiyo ikawaamuru watengenezaji kwamba ifikapo 1985 magari yao mapya yawe na wastani wa karibu kilometa 12 kwa lita.

Sisi huku tulipigwa mara mbili. Bei ilipanda tena mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, wakati Tanzania ikitoka katika vita vya Kagera na hazina ikiwa tupu. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, gari binafsi lisionekane barabarani. Wanakumbuka pia foleni za vituo vya mafuta. Katika dhiki ile mafundi wetu walijifunza kuibana petroli, na elimu yao ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa elimu ya gari la zama zile: Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya kobe, Datsun na Land Rover. Mengi ya hayo yalitumia kabureta.

Kabureta haina akili. Hewa hupita kwa kasi mahali pembamba, ikavuta petroli kwenye tundu dogo. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza ya namna hiyo mwaka 1893. Kupima ilikuwa kazi ya fundi, kwa jicho na kwa sikio. Alifungua plagi akaitazama ncha yake. Rangi ya kahawia iliyofifia ilikuwa dalili ya afya. Masizi makavu meusi yalimwambia kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Plagi iliyolowa oili ilimwelekeza kwenye ringi za pistoni. Akikuta masizi, alitazama kama choki imekwama, kama boya la kabureta limetoboka, kama tundu la petroli limeliwa, na kama chujio la hewa limejaa vumbi. Kisha alisawazisha pointi za distribyuta, maana cheche ikichelewa, petroli huungua bila kufanya kazi yake.

Wakati mafundi wetu wakiyajua hayo, zama nyingine zilikuwa zimekwisha kuanza. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, ukafungwa katika Volkswagen 1600. Mwaka 1976 Volvo ilianza kutumia sensa ya Bosch inayoonja moshi na kupima oksijeni iliyobaki ndani yake. Kwa sensa hiyo kompyuta ya gari inaweza kuweka uwiano unaotakiwa, yaani kilo 1 ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa, na kuusahihisha kila wakati. Kazi ya kupima ilitoka mikononi mwa fundi ikaingia ndani ya kisanduku.

Kisanduku hicho kilitufikia kwa wingi baada ya kulegezwa kwa biashara. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika ya Japan, mengine yakipitia Dubai, yalijaa mijini. Yalikutana na mambo mawili ambayo hayakuumbwa kwa ajili yake.

La kwanza ni petroli yenye risasi. Risasi ilianza kuchanganywa na petroli baada ya Thomas Midgley wa General Motors kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia injini kugonga. Japan, yalikotoka magari haya, ilikuwa imekwisha kuiacha. Sisi tuliendelea nayo hadi Azimio la Dakar la 2001 lilipotekelezwa, na kusini mwa Sahara ikaondolewa ilipoanza 2006. Risasi huiua sensa ya oksijeni. Gari lililotoka Japan likijipima vizuri lilinyweshwa hapa petroli iliyolipofusha, kisha likasingiziwa kwamba ni aina ya magari yanayokula mafuta.

La pili ni mazoea yetu. Mafundi wengi waling'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kizuizi cha maji cha nini. Katika gari la kabureta madhara yake hayakuonekana upesi. Katika gari la kompyuta ni msiba wa kila siku. Injini huchelewa kufikia nyuzi 80 na kidogo inazozihitaji, sensa ya joto la maji hutoa taarifa ya baridi, na kompyuta humimina petroli ya ziada kama vile kila safari ni alfajiri. Sensa yenyewe ikiharibika ikadanganya, matokeo ni hayo hayo. Spea mbili hizi ni ndogo sana kwa bei ukizilinganisha na injini ya mtumba.

Mfano mwingine ni chujio la hewa. Hadi leo fundi wa kwanza utakayemwendea atakwambia ubadilishe chujio ili mafuta yapungue. Kwa kabureta alisema kweli, maana chujio lililoziba hufanya kazi kama choki. Lakini mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyapima magari yenye kompyuta, ikaona kwamba chujio chafu liliyapunguzia nguvu za kuondoka bila kuongeza matumizi ya petroli. Kompyuta hupima hewa iliyoingia, ikatoa petroli ya kuitosha. Badilisha chujio kwa afya ya injini, lakini usitazamie lirudishe lita zako 100.

Zama za tatu ni za mashine ya kusomea makosa. Marekani iliyalazimisha magari ya 1996 na kuendelea yawe na mfumo mmoja wa kujieleza. Wengi wetu tunadhani kila gari la miaka hiyo litasema likichomekwa mashine. Sivyo. Mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japan katika miaka ya 1990 hayakufuata mfumo huo. Mashine ikinyamaza, wapo wanaohitimisha kwamba kompyuta imekufa. Kumbe katika Toyota nyingi za wakati huo, fundi anayejua huunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, na taa ya injini ikapepesa hesabu ya kosa lake.

Yako mambo yasiyobadilika kwa zama zozote, nayo yatangulie. Pima kwanza. Jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilometa, tembea siku kadhaa, jaza tena pale pale, kisha gawa kilometa kwa lita. Kama tairi si za saizi ya asili, kilometa hizo zenyewe si za kweli. Jaza upepo. Baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya gurudumu bila kuigusa; lile lenye joto kuliko wenzake huenda breki yake haiachii. Na kumbuka foleni: injini inayonguruma gari likiwa limesimama ina kilometa sifuri kwa lita, na hakuna fundi atakayeiponya hiyo.

Ukishayafanya hayo na lita bado zinapotea, nenda gereji ukiwa na karatasi yako ya hesabu, na kabla ya kununua spea yoyote umuulize fundi swali moja: gari hili la mwaka huu linapimaje hewa na petroli yake? Anayeweza kulijibu, mlipe ujira wa kupima hata kama hakufunga kitu. Anayeanza kutaja bei ya injini kabla ya kuijua hiyo namna ya kupima, mshukuru, washa gari lako, uondoke.