Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Mimi ndiye niliyewaua perege kumi na wanne wa mjomba wangu. Si kwa ndoana wala kwa sumu. Niliwaua kwa zawadi.

Mjomba anakaa Kimbiji, kule kusini ukishavuka Kigamboni. Alifanya kazi Mwanza miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, na alipostaafu akarudi kwao pwani. Watu wa Kimbiji ni wavuvi wa bahari. Walipomwona anajenga kibwawa cha saruji ndani ya nyumba, kando ya dirisha la sebule, hatua nne kwa mbili, wakasema mzee kachanganyikiwa na mambo ya bara. Bahari si hiyo hapo? Samaki wa sebuleni wa nini? Yeye akacheka tu. Akajaza maji ya kisima, akatia perege, na kila jioni akawa anakaa pembeni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akiwatupia pumba kidogo kidogo.

Basi siku moja nikiwa mjini nikaona vifaranga vya kambale vinauzwa. Nikajiona mjanja. Nikanunua sita, nikawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikavuka nao kwa pantoni, halafu daladala, jua la saa saba linachoma kweli kweli. Nilipofika sikusubiri hata kupewa maji ya kunywa. Nikamwaga ndoo yote bwawani, chubwi!

Asubuhi yake kambale wawili walikuwa wanaelea, tumbo juu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Maji ya ndoo yalikuwa ya moto, ya bwawa ni ya baridi. Ungeielesha ndoo kwanza, ukachanganya maji taratibu. Tena mgeni hulala chumba cha peke yake wiki mbili tatu, uone kama hana ugonjwa.” Akanyamaza, kisha akauliza, “Na wenyeji uliwauliza?”

“Wenyeji gani, mjomba?”

“Hao waliomo.”

Nilidhani ni utani wa kizee. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaliona jambo hilo likifanywa kwenye bwawa kubwa kuliko yote katika Afrika. Jioni ile akanisimulia habari za sangara, na niliporudi mjini nikaanza kuzifuatilia vitabuni.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,000 na ushei. Zamani wenyewe mle walikuwa ngege, mbiru, ningu, kambale, dagaa, na hasa furu. Furu ni samaki mdogo, mwenye miba, wa rangi nyingi. Wataalamu wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na aina zake zipatazo 500, nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka michache baadaye zikaja nyavu za makila kutoka Ulaya. Soko likakua, ngege wakaanza kupungua. Mwaka 1927 serikali za kikoloni zikamleta Mwingereza Michael Graham kulipima ziwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alishauri macho ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi tano. Akaonya pia kwamba kuleta humo samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine kungekuwa hatari kubwa mno.

Onyo hilo lilikaa kwenye karatasi. Miaka ya 1950 wakubwa wa wanyamapori na samaki wa Uganda waliona kwamba furu ni takataka. Hoja yao ilikuwa hivi: kwa nini ziwa zima lijae visamaki vya miba, wakati tunaweza kuleta sangara avile, atugeuzie kuwa minofu? Zaidi ya hapo, mzungu mwenye fimbo yake ya kuvulia angepata samaki wa kujivunia, maana sangara huweza kufikia kilo 200. Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, wakasema ngojeni kwanza, tuchunguze. Mwaka 1960 mmoja wao, Geoffrey Fryer, alichapisha makala ya kupinga.

Lakini mwaka huohuo wa 1960 sangara akavuliwa karibu na Jinja. Yaani watu bado wanabishana kama mlango ufunguliwe, kumbe mgeni yuko ndani anakula! Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha ushahidi kwamba watu wa idara ile ya Uganda walikuwa wamemtia ziwani kimyakimya tangu mwaka 1954. Baada ya siri kufichuka, mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine, safari hii kwa uwazi, upande wa Entebbe na Kisumu. Angalia hiyo miaka, msomaji. Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Tulipokea bendera, na sangara tukampokea pamoja nayo.

Kwa karibu miaka 20 alikaa kimya. Halafu, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 upande wa Kenya na katikati ya miaka ya 1980 upande wa Mwanza, akajaa ziwa. Watafiti Waholanzi kutoka Leiden walikuwa wamefika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu. Wakajikuta wanahesabu msiba. Nyavu zilizokuwa zinapanda na furu wa kila rangi zikawa zinapanda na sangara peke yake. Inakadiriwa aina zipatazo 200 zimepotea. Baadhi zilinusurika kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, wageni ugenini, wakati kwao hawapo.

Nilipofika hapo nikamwambia mjomba, “Basi sangara ni shetani.”

Akanikata. “Taratibu, mpwa wangu. Sangara ndiye aliyenisomeshea watoto. Hata nyumba hii ni sangara.”

Na ni kweli. Viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Mwanza miaka ya 1990 viliajiri watu wengi, na minofu ikapaa kwenda Ulaya ikaleta fedha za kigeni. Ila mfupa na kichwa, mapanki, ndivyo vilivyobaki kwa mlalahoi. Na akina mama waliozoea kuanika furu juani bila gharama wakakutana na samaki mwenye mafuta asiyekaushika kwa jua. Yeye anataka moto, na moto unataka kuni, na kuni ni miti. Kwa hiyo ukiuliza sangara ni mwema au mbaya, jibu linategemea umemkuta nani, na amesimama upande gani wa mlango wa kiwanda.

Tena si yeye peke yake. Mashamba, miji na viwanda vimekuwa vikimwaga mbolea, udongo na uchafu ziwani. Ukijani ukaongezeka, maji yakafifia, hewa ya oksijeni chini ikapungua. Mwaka 1997 watafiti walionyesha jambo la ajabu: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa machafu rangi haionekani, aina zikaanza kuchanganyikana. Ndoa zinaharibika kwa sababu ya giza! Baadaye, uvuvi mkali ulipompunguza sangara, baadhi ya furu walirudi, lakini si wote.

Somo hilo nilikuja kulielewa pale pale sebuleni. Kambale wangu wanne waliobaki walinenepa. Perege jike huatamia mayai yake mdomoni, na watoto wakitoka hukaa karibu na mama. Sasa kila kundi la watoto likitoka, baada ya siku mbili halipo. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa tu. Halafu akasafiri wiki moja, akaniachia bwawa. Mimi kwa huruma, na kwa kutaka kufidia kosa langu, nikawa nawalisha mara tatu kwa siku, pumba kwa viganja. Kilichobaki kikaoza chini. Maji yakawa kama uji wa mchicha. Alfajiri ya siku ya tano nikakuta perege wote kumi na wanne wamekufa kwa kukosa hewa. Kambale wako hai kabisa, kwa sababu kambale anaweza kupanda juu akavuta hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe.

Sasa niambie, nani aliwaua? Kambale? Kambale alikuwa anaishi tu. Hakununua nauli ya pantoni. Ni mimi niliyemleta bila kuuliza, na ni mimi niliyechafua maji.

Mjomba aliporudi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Aliwakaanga kambale, tukala. Kisha akasugua bwawa, akaacha maji mapya yatulie, na mwezi uliofuata akaleta perege wachanga. Ndoo ikaelea nusu saa. Akachota maji ya bwawa kikombe kimoja, akatia ndoani. Akangoja. Akatia kingine. Mimi nilikuwa nashika saa.

“Kule Mwanza,” akasema huku anangoja, “wazee walikuwa na majina ya furu wengi. Siku hizi vijana wanasema furu, basi.”

Nikachukua daftari. Aliyakumbuka majina matatu tu, na la tatu hakuwa na uhakika nalo.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenzangu mnaojifunza kushika kalamu. Tunahangaika kutafuta visa vya mapenzi na majambazi, na si vibaya. Lakini kila mmoja wetu ana babu au bibi anayejua jina la samaki, mti au upepo ambalo halimo katika kamusi yoyote. Nenda ukaliulize wiki hii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Ziwa Victoria hakupona, na kwa wengi wao hata jina la kuandika juu ya kaburi hatuna.