UZI: Mwakilishi wa mtaa anajibu kwa nani? Toka Kilindini ya kale hadi wadi zetu za leo

1/
Msimu wa siasa ukikaribia, barazani Mji wa Kale na kwenye maskani za Ganjoni maneno huwa yale yale. "Tuliyemchagua haonekani." "Simu hashiki." "Maji taka yapita mlangoni, yeye yuko wapi?" Leo simtaji mtu wala chama. Nataka tuliangalie swali lililo nyuma ya malalamiko haya yote: mwakilishi wa mtaa anajibu kwa nani? Katika historia ya kisiwa hiki jibu limebadilika mara kadhaa, na ugomvi wetu wa leo mwingi umetoka huko. Twende pole pole.

2/
Tuanze na neno lenyewe, diwani. Kabla halijawa jina la mtu wa manispaa, lilikuwa cheo cha mtawala pwani hii. Kule Vumba, kusini mwetu karibu na Vanga na Wasini, mtawala aliitwa Diwani. Kuzaliwa ukoo mkubwa hakukutosha. Ilibidi aulishe mji na atoe ada, ndipo apigiwe siwa na kutawazwa.

3/
Kwa hivyo anayesema "kula kwa mgombea ni mila yetu" ana kipande cha ukweli. Lakini ni kipande tu. Karamu ya Vumba ilikuwa ada inayojulikana, ikaliwa mchana kweupe, na mji mzima ukawa shahidi. Noti inayopenyezwa kiganjani usiku wa kuamkia kura haina shahidi. Na deni lisilo shahidi, ukienda kulidai utaambiwa: nilishakulipa.

4/
Sasa tuje kisiwani. Waswahili wa Mombasa walijipanga kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa. Upande mmoja Tisa Taifa. Upande wa pili Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wakilindini walikuwa na mji wao magharibi ya kisiwa, pande za Mbaraki, zamani sana kabla jina Kilindini halijawa la bandari. Kila upande ulikuwa na mkuu wake, tamimu, na nyuma yake wazee wa kila taifa. Kila upande pia ulikuwa na marafiki wake bara miongoni mwa Wamijikenda. Thalatha Taifa kwa mfano walishikana sana na Wadigo.

5/
Tamimu hakuwa na sanduku la kura, lakini hakuwa huru kufanya atakalo. Nguvu zake zilikuwa watu walio nyuma yake na marafiki walio ng'ambo ya maji. Wakimwacha, anabaki na kilemba tu. Wareno walipofukuzwa mwaka 1729, ujumbe wa watu wa Mombasa, Waswahili pamoja na Wamijikenda, ulivuka bahari hadi Omani kuzungumza na imamu. Mambo makubwa ya mji hayakuwa ya mtu mmoja.

6/
Mazrui waliotawala baada ya hapo walijua hesabu hiyo. Walidumu kwa kuwapima vizuri Tisa na Thalatha. Walipoanza kugombana wenyewe kwa wenyewe na kupoteza uungwaji mkono mjini, Seyyid Said akapata mlango, na mwaka 1837 utawala wao ukaisha.
Lakini tusiupambe wakati ule. Watumwa hawakuulizwa neno. Wanawake kwa kawaida hawakuketi barazani pa wakubwa. Mkuu alijibu kwa watu wake, ndiyo, ila "watu wake" walikuwa wachache.

7/
Mwaka 1895 Waingereza wakashika utawala wa ukanda wa pwani kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Liwali, mudiri na kadhi wakabaki, lakini mshahara sasa ulitoka serikali ya kikoloni. Mwaka 1902 ikaja sheria ya wakuu wa vijiji: mkuu anateuliwa na serikali, kazi yake ni kuweka amani na kutimiza amri. Hapa ndipo jibu la swali letu lilipogeuka. Mkuu wa mtaa akaanza kujibu juu, kwa bwana DC, badala ya kujibu chini kwa watu.
Hata neno baraza likageuka. Kwetu baraza ni pa kuketi mbele ya nyumba, kila mtu aseme lake. Baraza la serikali likawa pa kuitwa, kusimama juani na kusomewa amri.

8/
Hasara ya kujibu juu ilionekana wazi kwenye ardhi. Reli ilianza kujengwa 1896, meli zikahamia Kilindini, bei ya ardhi ikapanda. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikataka kila kipande kiwe na mwenyewe na karatasi. Ardhi iliyokuwa ya taifa zima haikuingia vizuri kwenye karatasi ya mtu mmoja. Likazuka swali ambalo bado tunalo leo: nani ana haki ya kutia sahihi kwa niaba ya wote? Atiaye sahihi kwa niaba ya wote bila kuwauliza, hata awe mzee mwenye heshima zake, huwa amekwisha kuwauza.

9/
Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mombasa ikapata bodi ya manispaa. Viti viligawanywa kwa rangi, na Mwafrika mfanyakazi, aliyekuwa akipakua shehena gatini, alikuwa karibu hana mtu pale ndani. Mwaka 1939 wafanyakazi wakagoma, na tume iliyoundwa baadaye ikakuta kodi za nyumba na hali ya makazi ni sehemu kubwa ya kilio chao. Hayo ni mambo ya mtaa kabisa, na hawakuwa na diwani wa kuyapeleka.

10/
Januari 1947 mji ukasimama. Watu kama 15,000 waligoma: bandari, reli, mahoteli, majumbani. Walikutana Kiwanja cha Maskini, Majengo. Hawakuishia hotuba. Pale uwanjani waliweka hata mahakama yao ya kuwahukumu waliovunja mgomo. Unaweza kuisifu au kuilaumu mahakama ile, lakini ilichosema ni hiki: watu wasipopewa baraza la kuwasikiliza watajitengenezea lao, tena la hasira.

11/
Uhuru ukaja, na kura ya kila mtu. Diwani sasa ni wetu, si ndiyo? Nusu tu. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Sura ya 265, waziri kule Nairobi alikuwa na neno la mwisho juu ya bajeti na sheria ndogo za manispaa, na baraza aliweza kulivunja. Karani wa mji hakuajiriwa na madiwani. Meya hakuchaguliwa na wananchi bali na madiwani wenyewe, ndiyo maana katika miji mingi ya Kenya kura ya meya ilijaa hadithi za madiwani kufichwa hotelini hadi asubuhi ya kura.

12/
Na katika miaka ya chama kimoja kwa sheria, 1982 hadi 1991, bila baraka za chama hata jina lako halikufika kwa mpiga kura. Wengi wanaukumbuka mlolongo wa 1988, watu kupangwa foleni nyuma ya mgombea. Kwa hivyo diwani alikuwa na mabwana watatu: waziri, chama na mpiga kura. Nadhani unajua nani alikuwa wa mwisho kusikilizwa.

13/
Katiba ya 2010 ikaja kulitengeneza jambo hili. Uchaguzi wa Machi 2013 ukafunga kitabu cha mabaraza 175 ya zamani, zikaja kaunti 47 na wadi 1,450. Mombasa ina wadi 30. Mvita peke yake ina tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Diwani akawa MCA. Na hapa ndipo mijadala yetu ya leo inapochanganyikiwa, kwa hivyo niyatenganishe mambo manne.

14/
JAMBO LA KWANZA: "MCA hajatujengea kitu."
Kwa mujibu wa kifungu cha 185 kazi ya bunge la kaunti ni kutunga sheria, kupitisha mipango na bajeti, na kuisimamia serikali ya kaunti. Kujenga, kuzoa taka, kuwasha taa ni kazi ya gavana na idara zake. Usimhukumu MCA kwa koleo. Muulize: bajeti ilipopita, wadi yetu iliwekewa nini? Kilichowekwa na kisifanyike, ulimuuliza nani bungeni, na ulijibiwaje?

15/
Ndiyo maana mimi huwa na wasiwasi MCA anapotaka mfuko wa wadi aushike mwenyewe. Anayepitisha pesa, akazitumia, kisha akajikagua, amekuwa mchezaji na refa. Na sisi tukizoea kupewa basari na michango ya harusi kutoka mkononi mwake, tunakuwa wadeni wake. Mdeni hamhoji mdai wake.

16/
JAMBO LA PILI: "Hahudhurii vikao."
Hili lina sheria. Kifungu cha 194 kinasema mjumbe akikosa vikao vinane vya bunge bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, wala sababu ya kuridhisha, kiti chake kiko wazi. Mahudhurio huandikwa na mijadala hurekodiwa. Badala ya kusema "haonekani," uliza idadi. Ni tofauti ya umbea na ushahidi.

17/
JAMBO LA TATU: "Tumng'oe."
Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliweka njia ya kumrudisha MCA nyumbani. Lakini si kabla ya miezi 24 tangu achaguliwe, wala miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, na lazima zipatikane saini za asilimia 30 ya waliojiandikisha katika wadi. Tena lilikuwapo sharti la Mahakama Kuu kuthibitisha makosa kwanza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu yenyewe ikasema baadhi ya masharti hayo yanakiuka Katiba.

18/
Sasa linganisha. Kifungu hicho hicho cha 194 kinasema MCA aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akijiuzulu chamani, au akahesabiwa kuwa amejiuzulu, anapoteza kiti. Yaani kumuudhi mkubwa wa chama kunaweza kumgharimu kiti, na kuwaudhi watu elfu kumi wa wadi kunamgharimu matusi ya mtandaoni. Kwa mtu mwenye akili zake, atamwogopa nani? Siwatetei. Nasema tu kwamba tabia tunayoilaumu mara nyingi ina hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo ni ya zamani kuliko hao waliomo ofisini.

19/
JAMBO LA NNE: kuchanganya vyeo.
Mzee wa mtaa, Nyumba Kumi, chifu na naibu wake, msimamizi wa wadi: wote hawa hukuwachagua. Chifu ni wa serikali kuu. Msimamizi wa wadi ameajiriwa na kaunti. Mmoja akikosea, peleka lawama kwenye mlango wake. Nimeona watu wakimkemea MCA kwa kosa la chifu, naye akatulia na kufurahi, maana kesi isiyomhusu ndiyo rahisi kushinda.

20/
Wenzetu wa Tanzania wana maneno mazuri kwa jambo hili: "kusomewa mapato na matumizi." Mkutano wa kijiji unakaa, viongozi wanasimama, hesabu zinasomwa. Haifanyiki kila mahali inavyotakiwa, na ndiyo maana magazeti yao hayakosi habari za wanakijiji waliokuja juu kwa kutosomewa. Lakini angalau mwanakijiji anajua jina la kitu anachodai. Sisi tunadai "maendeleo," neno pana, kila mtu anaweza kujitetea ndani yake.

21/
Basi tudai vitu vyenye jina na tarehe. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012:
- mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kabla ya Septemba 1
- waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28
- makadirio ya bajeti, Aprili 30
- bajeti iwe imepitishwa kufikia Juni 30
Kifungu cha 196 kinataka wananchi washirikishwe. Tukija Julai kulia, chungu kimeshapakuliwa.

22/
Na mambo mengine matatu. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Sheria ya kaunti inakupa haki ya kupeleka malalamiko rasmi kwa bunge la kaunti. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu ni za umma, zisome au mtafute kijana wa chuo hapo mtaani awasomee barazani. Narudia: barazani. Nusu saa baada ya Alasiri, chai ya tangawizi, karatasi mkononi.

23/
Kwa jumla: tamimu alijibu kwa watu wake, ingawa wachache. Mkuu wa 1902 alijibu kwa DC. Diwani wa Sura ya 265 alijibu kwa waziri na chama. MCA wa leo, kwa maandishi, anajibu kwetu sote, mke kwa mume, mwenyeji na mgeni aliyejiandikisha hapa. Hakuna kizazi kilichopata haki pana namna hii kisiwani. Lakini haki ya kujibiwa haina faida kwa asiyeuliza, na swali zuri lina mwaka, kiasi na jina la mradi.

24/
Mwisho. Ukiwa Mvita, Likoni, Changamwe au popote, andika hapo chini mradi MMOJA wa wadi yako uliokuwa kwenye bajeti na hujauona. Jina la mradi na mwaka tu. Majina ya watu na vyama, na matusi, nitayafuta.